Mshika mbili: Pemba au Tanga, ukaazi wako uwe wapi?

Ukishuka Deep Sea, diko la wavuvi hapa Tanga, alfajiri vyombo vinapotia nanga, au ukikaa baraza yoyote ya Ngamiani baada ya alasiri, Kipemba utakisikia kabla hujamaliza kikombe cha kahawa. Wapo waliokuja dago, yaani kambi ya uvuvi, msimu mmoja wakaoa wakabaki. Wapo waliofungua duka. Wapo waliozaliwa Makorora, mama yao kazaliwa Makorora, na bado ukiwauliza kwao watakwambia Wete. Kinachowashughulisha hawa si uraia. Uraia ni mmoja, ni jambo la Muungano, na Ibara ya 17 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi popote nchini. Kinachowashughulisha ni ukaazi: jina likae kwa sheha, kiongozi wa shehia, kule Pemba, au kwa mwenyekiti wa mtaa huku Tanga?

Nitangulize msimamo wangu usije ukanisoma mpaka mwisho unabahatisha. Kama kazi yako, watoto wako na chungu chako viko Tanga, jiandikishe Tanga, na uache kushikilia ukaazi wa Pemba kwa ajili ya "huenda ikatokea". Kama una mzazi mzee, au kijana anayetafuta ajira ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ), hesabu ya mtu huyo ni nyingine na ifanywe peke yake. Kosa ninaloliona mara nyingi ni familia nzima kufuata uamuzi wa baba mmoja.

Uzanzibari ni mmoja, ukaazi ni wa pili

Watu huvichanganya hivi viwili, na humo ndimo wanamopotelea.

Uzanzibari unaongozwa na sheria Na. 5 ya mwaka 1985, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 inaitegemea sheria hiyo inapotaja Mzanzibari ni nani. Kwa ufupi, ni Mtanzania aliyekuwa akiishi Zanzibar hadi tarehe 12 Januari 1964, au aliyezaliwa Zanzibar baada ya Muungano wa 26 Aprili 1964 huku baba au mama yake akiwa Mzanzibari. Mtanzania wa bara aliyehamia naye anaweza kuomba, ila ni baada ya kukaa miaka mingi.

Ukaazi ulikuja na utaratibu wake baadaye. Sheria Na. 7 ya 2005 ndiyo iliyoanzisha usajili wa Wazanzibari wakaazi na kile kitambulisho ambacho kila mtu anakiita ZanID. Tangu sheria Na. 3 ya 2018, kazi hiyo iko mikononi mwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, ambao pia huandikisha vizazi, ndoa na vifo. Wakala huohuo humpa Mtanzania asiye Mzanzibari anayeishi visiwani kitambulisho cha aina yake, na mgeni wa nje cha aina yake.

Kwa hiyo Uzanzibari wa kuzaliwa hauvuliwi bandarini Mkoani ukipanda meli ya Tanga. Kinachokatika ni ukaazi, pamoja na kila kilichofungwa juu yake. Ukilijua hilo, nusu ya hofu inaondoka.

Upande wa Tanga hakuna sheria ya Utanga. Mdigo wa Mnyanjani, Msambaa aliyeshuka kutoka Lushoto, Mchaga mwenye duka la vipuri na Mpemba wa Deep Sea wote ni wakazi kwa sababu moja tu, kwamba wanakaa hapa. Wapo watakaokuita mgeni miaka 30, lakini hiyo ni midomo ya watu, na haimo kwenye fomu yoyote.

Sheha na mwenyekiti

Ukitaka kuonja tofauti hiyo kwa ulimi wako, nenda kaombe barua.

Kwa sheha wa shehia za Pemba unakaribishwa kibarazani. Unaulizwa hali, unaulizwa safari, kisha linakuja swali lenyewe: "Wewe mtoto wa nani?" Ukitaja baba, utaulizwa babu. Ukimtaja babu, sheha anaweza kukuonesha kwa kidole njia ya kiambo chenu, na akakwambia nani kauza mkarafuu gani. Hapo umejulikana. Ila kujulikana si kuandikwa. Anaweza kukujua hadi kaburi la bibi yako na bado akakwambia, kwa adabu zote, kwamba wewe hukai hapa.

Kwa mwenyekiti wa mtaa, tuseme Makorora au Chumbageni, ofisi ni chumba kimoja chenye meza, daftari la jalada gumu lililolegea kingo, na muhuri unaotunzwa kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Swali lake ni jingine: "Unakaa nyumba ya nani, na mjumbe wako nani?" Babu yako hamhusu. Mjumbe akisema huyu namfahamu, kapanga kwa mzee fulani tangu mwaka juzi, barua inaandikwa na muhuri unagongwa.

Sheha anateuliwa na mwenyekiti anachaguliwa. Mkazi wa Tanga ambaye hakupendezwa na mwenyekiti wake alipata nafasi ya kumwondoa kwa kura tarehe 27 Novemba 2024, na kujiandikisha kwa uchaguzi ule kulifanyika mtaani kwake kwa kuwa mkazi mwenye miaka 18. Nafasi ya namna hiyo mkaazi wa shehia hana. Mimi binafsi naipa uzito, kwa sababu barua ya huyu mtu mmoja ndiyo mlango wa karibu kila kitu: kitambulisho, dhamana polisi, mkopo, kumwandikisha mtoto shule.

Na wala tusiseme Zanzibar imezua jambo la ajabu. Visiwa vidogo duniani vina woga unaofanana, wa kuzidiwa na watu na ardhi kwisha. Visiwa vya Åland, vilivyo chini ya Finland, vina haki yao ya ukaazi ambayo Mfinlandi wa bara huipata baada ya kuishi visiwani miaka 5 na kuonesha kwamba anakijua Kiswidi. Bila hiyo hana kura ya bunge la visiwa, na kumiliki ardhi au kufungua biashara kuna vizuizi. Mwenyeji akihama akakaa nje miaka 5, haki inaondoka. Ukiitazama sensa yetu woga huo unaeleweka. Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569 mwaka 2012, na mwaka 2022 wakafika 1,889,773. Pemba peke yake ilitoka 406,848 hadi 543,441 katika miaka hiyohiyo. Mkoa wa Tanga una watu zaidi, 2,615,597, lakini una Handeni na Kilindi za kuwapeleka. Pemba ukitembea sana unafika baharini.

Kura

Hapa ndipo ukaazi unapouma, na ndipo ninapomwambia mtu achague upande mmoja akae nao.

Mpiga kura wa Zanzibar anapewa karatasi tano: Rais wa Muungano, Rais wa Zanzibar, mbunge, mwakilishi na diwani. Wa Tanga anapewa tatu. Kwa hesabu ya karatasi Pemba inashinda, na mtu akiniambia hawezi kuishi bila kumchagua Rais wa Zanzibar namwelewa kabisa. Kwa Mpemba hilo si jambo dogo.

Lakini tazama bei yake. Sheria ya uchaguzi ya Zanzibar inataka uwe umekaa katika jimbo miezi 36 mfululizo. Mwaka 1995 sharti lilikuwa kali zaidi, miaka 5. Uchaguzi mkuu ujao ni 2030, na uandikishaji hufungwa mapema, kwa hiyo anayetaka kura ile awe ameshatulia jimboni kwake si baada ya katikati ya 2027. Kutulia maana yake kulala pale. Kuja Idi na kuondoka hakuhesabiwi, na watakaokukana ni majirani kabla ya sheha. ZanID nayo ni mlango wa daftari la wapiga kura: mwaka 2009 uandikishaji Pemba ulisimama kwa muda kwa malalamiko ya watu waliosema wamenyimwa kitambulisho hicho. Wazee wa kule hawajasahau, ndiyo maana wengine wanashika ZanID kama hirizi hata kama hawajalala Pemba mwaka wa nne huu.

Huku bara, ukihama unahamisha taarifa zako wakati wa uboreshaji wa daftari, basi. Kujiandikisha pande mbili ni kosa la jinai, usijidanganye kwamba bahari inaficha.

Matokeo ninayoyaona Ngamiani ni haya: mtu ameng'ang'ania ukaazi wa Pemba, kule hakidhi miezi, huku hakujiandikisha kwa sababu "mimi si wa huku". Siku ya kura yuko kijiweni anawachambua wagombea wa pande zote mbili na hana hata karatasi moja.

Ardhi na mikarafuu

Watu wanadhani wakiandikishwa Tanga watapoteza shamba. Tulia kidogo.

Zanzibar, kwa sheria ya ardhi Na. 12 ya 1992, ardhi ni mali ya umma na haki ya kuitumia hupewa Mzanzibari aliyetimiza miaka 18. Kipimo kilichowekwa pale ni Uzanzibari. Kiambo ulichorithi hakikimbii kwa kuwa umepanga chumba Msambweni. Jambo la kuangalia ni kwamba visiwani mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe wawili. Unaweza kurithi mikarafuu sita na usirithi chini yake. Zile eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi zina masharti yake, na kisheria si mali ya kuuza utakavyo. Adui wa mrithi aliye mbali ni ndugu aliye karibu. Anayechuma kila msimu, anayeanika, anayepeleka kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na kupokea pesa kwa jina lake, baada ya misimu kumi atakuwa na ushahidi wa matumizi, na wewe utakuwa na kumbukumbu. Dawa yake ni kugawa mirathi kwa maandishi mapema, sheha na mashahidi wakiwepo, na kuonekana msimu wa kuchuma. ZanID haikulindi hapo.

(Na tafadhali, unapovuka kurudi Tanga baada ya msimu, usitie karafuu kwenye begi "za zawadi". KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, hawakuundwa kwa ajili ya kupunga upepo.)

Tanga ni rahisi kuliko watu wanavyoamini. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, zinamtambua raia wa Tanzania, hazimuulizi kama ni wa bara au wa visiwani. Kiwanja cha mjini unanunua, unapimiwa, unaomba hati. Shamba la kijijini, kule Kigombe au Mwarongo, linapita halmashauri ya kijiji, na hapo ukazi unaanza kuwa na maana, kwa sababu mtu asiye wa kijiji hutakiwa aombe na aeleze anakuja kufanya nini. Kwa wanawake sheria hizi ni nzuri kwa maandishi: mila inayomnyima mwanamke ardhi imetangazwa batili. Mabinti wa Kipemba walioolewa huku wengi hawajui kwamba wanaweza kuwa na hati kwa majina yao.

Wenzetu wa bara hulalamika kwamba Mpemba ananunua Tanga atakavyo na Mtanga hawezi kununua Pemba vivyo hivyo. Ni kweli, na kwa anayechagua, maana yake ni kwamba Mpemba anayejenga Tanga hapotezi nafasi yake ya ardhi kule. Faida iko upande wake.

Uzee

Kwa mtu wa miaka 70 na kuendelea sibabaiki: abaki mkaazi wa Pemba, au arudi awe. Tangu Aprili 2016 Zanzibar inawalipa wazee wote wakaazi wa umri huo pensheni jamii, hata kama hawakuajiriwa siku moja. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na tangu hapo imepandishwa. Bara hatuna pensheni ya namna hiyo. TASAF ipo pande zote mbili, lakini ni ya kaya maskini zilizotambuliwa, na mzee anayekaa kwa mwanawe mwenye duka hatatambuliwa.

Makosa yanayofanyika ni ya mapenzi. Mtoto anamhurumia mama, anamleta Tanga akae naye, awe karibu na Hospitali ya Bombo. Mama anaondolewa kwenye shehia yake, na ile pesa ndogo iliyokuwa yake mwenyewe, ya kumtumia mjukuu peremende bila kuomba mtu, inakatika. Kama lazima mama aje kwa matibabu, aje kwa matibabu na arudi. Kumhamisha ni jambo la kumuuliza yeye kwanza.

Ndoa, talaka, mirathi

Zanzibar ina Mahkama ya Kadhi iliyo chombo cha dola. Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 ndiyo inayotawala, na kadhi wa huku hana nguvu ya mahakama ya serikali. Talaka inapopingwa au mirathi inapogombewa, utajikuta Mahakama ya Mwanzo, ingawa Mwislamu anaweza kurithiwa kwa taratibu za dini yake. Mwanamke aliyeachwa Pemba akaja Tanga, au kinyume chake, asipoangalia atazungushwa baina ya pande mbili zisizosomana karatasi. Mambo haya yafungulie pale mlipokaa kama mume na mke na mlipo na mali, na uamuzi uupate kwa maandishi yenye muhuri kabla hujapanda meli.

Kazi, masomo, biashara

Kwa kijana anayetaka kazi ya SMZ, ZanID haina mbadala, abaki huko. Mkopo wa chuo ni afadhali zaidi: bodi ya Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2011, ni ya Wazanzibari, na bodi ya Muungano ni ya Watanzania wote, hivyo mwanafunzi wa Kizanzibari ana milango miwili ya kubisha.

Mfanyabiashara anaweza kuamua haraka. Leseni inatoka halmashauri ya mahali duka lilipo, na mzigo ukitoka visiwani kuja bara utakutana na forodha bandarini hata kama wewe umeandikishwa kwa sheha gani. Kuwa mkaazi wa Pemba hakupunguzi shilingi.

Mvuvi wa dago asihamishe kitu. Dago ni msimu, na msimu una barua yake: utambulisho wa kwenu, leseni ya chombo na ya mvuvi kwa upande unaovua, na kuripoti kwa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, cha diko unalofikia. Pwani ya Tanga imeteseka na baruti miaka mingi, kwa hiyo chombo kigeni kisichojitambulisha kinatazamwa kwa jicho baya hata kama mmebeba nyavu halali. Kigombe kimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa 2009, na humo ni bora uulize kabla ya kushusha chombo.

Nyumba yenye pande mbili

Mume ni wa Micheweni, mke ni Mbondei wa Muheza. Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Wakihamia Pemba, mke anakuwa mkaazi asiye Mzanzibari, na milango kadhaa inamfungia: kura ya Rais wa Zanzibar, ardhi kwa jina lake, ajira ya SMZ. Wakikaa Tanga, wote wawili wako sawa mbele ya mwenyekiti. Kwa usawa wa wanandoa, Tanga haina mshindani, na mume akinibishia hapo nitamwomba aseme mbele ya mkewe.

Watoto wana hesabu yao. Anayezaliwa Bombo cheti chake kinatoka RITA, wakala wa usajili wa bara. Anayezaliwa Abdalla Mzee, Mkoani, kinatoka kwa Wakala wa Zanzibar. Mtoto wa Tanga atakapotaka siku moja kudai Uzanzibari, karatasi za baba ndizo zitakazomsemea. Kwa hiyo baba anayejiandikisha Tanga asitupe kitu: cheti chake cha kuzaliwa cha Zanzibar, ZanID ya zamani hata kama haitumiki, cheti cha ndoa, na vyeti vya wazazi wake vikipatikana. Atoe nakala, azithibitishe, amwachie mtu mmoja Pemba na nyingine abaki nazo.

Kitambulisho cha NIDA hakibadiliki upande wowote utakaochagua. Namba ni ileile, anwani tu ndiyo ya kusahihisha. Anza kwa sheha: muage, mwambie unahama na uombe barua ya uhamisho, kisha uje nayo kwa mjumbe wa mtaa wako mpya. Wengi huja bila hiyo barua, wakabaki wameandikwa kule na hawajaandikwa huku, na kuisaka baadaye ni kupanda meli tena kwa karatasi moja.